Shahada ni ya chuo, sajili ni ya taaluma: Kwa nini si kila aliyesomea uhandisi huitwa mhandisi

KWA mkulima wa Nyacheki, katika eneobunge la Bobasi kaunti ya Kisii, karo ya chuo kikuu ni hesabu ya majani chai. Bonasi ya kiwanda ikichelewa, ng'ombe huuzwa. Ng'ombe wakiisha, kipande cha shamba hukodishiwa jirani kwa miaka kadhaa, na katika nchi ya Wagusii ambako mashamba yamegawanywa hadi yakawa vishoroba, hilo si jambo dogo. Yote hayo huvumiliwa kwa imani moja, kwamba mtoto aliyeitwa kusomea uhandisi atarudi nyumbani akiwa mhandisi siku atakapovaa joho na jina lake kusomwa mbele ya mkuu wa chuo.

Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Aliyehitimu shahada ya uhandisi ni mtu mwenye cheti cha chuo kikuu, basi, hadi jina lake litakapoingizwa katika sajili ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, maarufu kama EBK. Kabla ya hapo haruhusiwi kujiita mhandisi wala kutoa huduma za uhandisi kwa malipo, na anayekiuka marufuku hayo anaweza kushtakiwa. Zaidi ya hayo, bodi hiyo haisajili kila shahada. Husajili shahada iliyotimiza kiwango cha chini kinachokubaliwa na taaluma yenyewe.

Pengo hilo kati ya kile ambacho chuo kinatoa na kile ambacho taaluma inakubali ndilo lililowafanya mamia ya vijana waliosoma kwa miaka mitano wajikute, mwishoni mwa muongo wa 2000 na mwanzoni mwa ule uliofuata, na shahada halali zisizoweza kuwafungulia mlango wa kazi waliyoisomea.

Ngazi za usajili

Sheria inayotumika ni Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2012 na kuchukua nafasi ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1969, ile iliyojulikana kama Sura ya 530. Kwa sheria hiyo mpya, iliyokuwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi iligeuka kuwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya na kukabidhiwa majukumu mapana zaidi.

Ngazi ya kwanza ya usajili ni ya mhandisi mhitimu. Huyu ni kijana aliyetoka chuoni karibuni, ana shahada ya uhandisi inayotambuliwa na bodi, lakini bado hajaruhusiwa kusimama peke yake. Michoro yake haina uzito wa kisheria mpaka itiwe sahihi na mkubwa wake. Hutakiwa kufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miaka mitatu, akiweka kumbukumbu za kazi alizozifanya, kisha ajiunge na Taasisi ya Wahandisi ya Kenya na kupita mtihani wa kitaaluma. Akifaulu hupanda na kuwa mhandisi mtaalamu, na hapo ndipo hupata haki ya kuandika herufi za cheo cha uhandisi mbele ya jina lake. Juu ya ngazi hiyo yupo mhandisi mshauri, ambaye amebobea katika tawi fulani na huweza kuajiriwa kutoa ushauri wa kujitegemea.

Ngazi ya kwanza ndiyo yenye matata. Miaka mitatu ya uangalizi haianzi kuhesabiwa kwa manufaa ya mtu ambaye shahada yake haikukubaliwa. Anaweza kufanya kazi katika mradi wa barabara kwa miaka kumi, akawafundisha wengine, lakini kwa macho ya sajili hajaanza.

Kiwango cha chini hupimwaje?

Wengi hudhani kiwango cha chini ni alama. Katika taaluma nyingine huwa hivyo kweli. Chama cha wanasaikolojia cha Uingereza, British Psychological Society, humtaka mhitimu awe na angalau daraja la pili la chini katika shahada ambayo chama hicho kimeiidhinisha. Mwenye daraja la tatu, hata akiwa ametoka chuo chenye sifa kubwa namna gani, hukosa msingi wa uanachama kamili mpaka atafute sifa ya ziada.

Uhandisi hupima kwa namna nyingine. Kinachokaguliwa kwanza ni programu ya masomo, halafu mwanafunzi. Bodi huangalia iwapo kozi ina hisabati na sayansi za kutosha, iwapo usanifu wa kihandisi umefundishwa kwa kina au umetajwa tu katika mtaala, iwapo maabara na karakana zina vifaa vinavyofanya kazi, iwapo wanafunzi hupelekwa viwandani kwa mafunzo, na iwapo mradi wa mwaka wa mwisho ni kazi ya kweli. Hutazama pia wahadhiri. Mtu anayefundisha kubuni madaraja anatarajiwa kuwa yeye mwenyewe amesajiliwa, na vyuo vingi vimelalamikia sharti hilo kwa kuwa wahandisi waliosajiliwa ni adimu na soko huwalipa vizuri kuliko darasa.

Kwa sababu hiyo si sahihi kusema kwamba chuo fulani kinatambuliwa au hakitambuliwi. Chuo kimoja chaweza kuwa na kozi ya uhandisi wa ujenzi iliyokubaliwa na kozi ya uhandisi wa mitambo iliyokataliwa, madarasa yakitazamana katika ukumbi mmoja. Isitoshe, idhini ina muda wake. Kozi iliyokubaliwa kwa kundi la wanafunzi wa miaka fulani yaweza kupoteza idhini maabara zikizeeka au wahadhiri wakihama, na kozi iliyokataliwa jana yaweza kurekebishwa ikakubaliwa kesho. Orodha ya bodi hutaja kozi kwa jina, chuo na kipindi.

Jina la shahada nalo lina uzito ambao wazazi wengi hawaujui. Shahada ya Sayansi katika Uhandisi wa Umeme si sawa na Shahada ya Teknolojia katika Uhandisi wa Umeme. Ya kwanza humwelekeza mwanafunzi kwenye sajili ya wahandisi. Ya pili humwelekeza kwenye sajili ya wanateknolojia, inayosimamiwa na bodi nyingine iliyoundwa na Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016. Hakuna aibu katika njia hiyo ya pili, na viwanda vinawahitaji sana watu hao. Tatizo ni pale mwanafunzi anapoifuata kwa miaka minne akidhani yuko kwenye ya kwanza.

Urefu wa masomo ni jambo jingine. Nchini Kenya shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano kwa sababu mfumo wa 8-4-4 uliondoa kidato cha tano na cha sita, na mwaka wa kwanza chuoni umekuwa ukiziba pengo hilo. Uganda, ambako kidato cha sita kingalipo, masomo hayo huchukua miaka minne. Mkenya aliyemaliza kidato cha nne akapata nafasi ya moja kwa moja katika kozi ya miaka minne ng'ambo, bila mwaka wa matayarisho, anaweza kuulizwa maswali magumu akirejea.

Mvutano ulianzia wapi?

Ili kuelewa ilikuwaje chuo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya Bunge kikatoa shahada isiyokubaliwa na bodi ya umma iliyoundwa kwa sheria ya Bunge hilohilo, ni sharti kurudi nyuma.

Kwa miaka mingi uhandisi ulifundishwa katika vyuo vichache. Chuo Kikuu cha Nairobi kilirithi kazi hiyo kutoka Royal Technical College, kilichofunguliwa katika miaka ya hamsini. Baadaye kikaja Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kisha Jomo Kenyatta kule Juja. Vyuo vilikuwa vichache, wakuu wa vitivo walifahamiana na wanachama wa bodi, na mara nyingi walikuwa watu walewale. Katika hali hiyo swali la kutambuliwa halikuwa na makali.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanafunzi wanaojilipia, na vyuo vingine vikafuata. Karo hiyo ilikuwa fedha taslimu wakati ambapo mgao wa serikali ulikuwa haba. Kozi mpya ziliongezeka haraka, zikiwemo za uhandisi zenye majina ambayo sajili haikuwahi kuyaona. Vyuo vipya pia vilizaliwa. Mathalan, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipata hadhi kamili mwaka 2007.

Nani alikuwa akikagua? Tume ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka 1985 iliwasimamia zaidi watu binafsi waliotaka kufungua vyuo. Vyuo vya umma vilikuwa na sheria zao, na seneti ya kila chuo ndiyo iliyoamua kozi gani ifundishwe. Kwa hivyo chuo cha kibinafsi kilichofundisha biashara kilikaguliwa kuliko chuo cha umma kilichofundisha watu kujenga maghorofa. Jambo hilo lilikuwa la ajabu, na halikurekebishwa hadi mwaka 2012.

Bodi ya wahandisi kwa upande wake ilikuwa na silaha moja, nayo ni sajili. Haikuweza kukizuia chuo kupokea wanafunzi, lakini iliweza kukataa kuwasajili walipomaliza, na ndivyo ilivyofanya. Wahitimu wa vyuo kadhaa, wakiwemo wa Egerton na Masinde Muliro, walipeleka maombi yao wakaelezwa kwamba kozi zao hazikutambuliwa. Vyuo vilisema bodi inavuka mipaka. Bodi ilisema vyuo vilifungua kozi bila kuishauri. Katikati walisimama vijana waliokuwa wameteuliwa na serikali, wakafundishwa na wahadhiri wanaolipwa na serikali, kwa mkopo wa bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ambao hutakiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu.

Zaidi ya wahitimu mia moja waliungana kwenda mahakamani. Shauri lao lilianzia Mahakama Kuu, likapanda hadi Mahakama ya Rufani na hatimaye Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Swali kuu lilikuwa iwapo bodi ya usajili, chini ya ile Sura ya 530, ilikuwa na mamlaka ya kupima kozi ya chuo kikuu au ilipaswa kumsajili yeyote aliyeleta shahada ya chuo kilichoundwa kihalali. Kufikia wakati swali hilo lilipojibiwa na mahakama ya mwisho nchini, sheria iliyobishaniwa ilikuwa imekwisha kufutwa kwa zaidi ya miaka mitano. Vijana waliokuwa na umri wa kuanza kazi walikuwa wamekaribia umri wa kusimamia wengine.

Sheria mbili

Ingedhaniwa kwamba sheria mpya zingemaliza ubishi. Zilizidisha.

Sheria ya Wahandisi ya 2011 iliipa EBK, kwa maneno ya wazi, jukumu la kuidhinisha programu za uhandisi katika vyuo vikuu vya umma na vya kibinafsi. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliyounda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, maarufu kama CUE, na kuiweka juu ya vyuo vyote, vya umma na vya kibinafsi, ikiwa na jukumu la kuidhinisha programu zake. Sheria zote mbili zilikuwa halali. Zote zilidai mlango uleule.

Vyuo vilianza kulipa mara mbili. Wakaguzi wa tume walipoondoka, wakaguzi wa bodi walibisha hodi, kila upande na fomu zake na ada zake. Si wahandisi pekee waliofanya hivyo, kwani wanasheria, madaktari, wauguzi, wahasibu na wataalamu wa maabara nao walikuwa na vyombo vyao. Wakuu wa vyuo walilalamika hadi Bunge likarekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu mwaka 2016 na kuongeza kifungu kinachosema kwamba CUE ndiyo yenye mamlaka pekee katika jambo hilo. Hata hivyo, kifungu cha Sheria ya Wahandisi hakikufutwa.

Hoja ya vyuo ina uzito. Elimu ya chuo kikuu haiwezi kutawaliwa na vyama vya watu walio kazini ambao wana sababu za kibinafsi za kupunguza idadi ya wapinzani wao. Taaluma inayojiamulia nani aingie huelekea kuubana mlango. Hilo limeonekana katika nchi nyingi, na Kenya si malaika.

Lakini hoja ya bodi ina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mhandisi hakosei peke yake. Mnamo Aprili 2016 jumba la ghorofa lililokuwa limetiwa alama ya kubomolewa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua makumi ya wapangaji waliokuwa wakiishi humo wakati wa mvua kubwa. Kila mkasa wa aina hiyo huzua swali lilelile: nani alichora, nani alikagua, nani alitia sahihi? Mwenye kusoma mchoro ni lazima aweze kuamini sahihi iliyo chini yake bila kulazimika kuuliza mtiaji sahihi alisomea wapi. Sajili ipo kwa ajili hiyo. Bodi iliyokatazwa kabisa kuangalia yaliyofundishwa ingebaki na kazi ya karani wa kunakili majina.

Kilichokosekana ni mpangilio wa wakati. Ukaguzi ukifanywa kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuingia darasani, gharama ya kukataliwa hubebwa na chuo. Ukifanywa baada ya mahafali, hubebwa na familia.

Egerton, Kisii na ndoto ya karibu na nyumbani

Watu wa Gusii wana sababu ya pekee ya kufuatilia suala hili. Chuo Kikuu cha Kisii kilikuwa chuo cha walimu kabla ya Egerton kukitwaa mwaka 1994 na kukifanya bewa lake. Mwaka 2007 kilikuwa chuo kishiriki cha Egerton, na mnamo Februari 2013 kilipata hati yake ya kujitegemea. Kwa maneno mengine, mlezi wa chuo hicho ni kilekile ambacho wahitimu wake wa uhandisi walilazimika kwenda mahakamani.

Kuwepo kwa chuo kikuu mjini Kisii kuliwapunguzia wazazi wa Bobasi, Bomachoge na Mugirango Kusini gharama kubwa ya nauli na malazi. Wengi wa wanafunzi hao husomea ualimu na biashara, na kila njia ina kipimo chake. Mwalimu wa shule ya upili, mathalan, hasajiliwi na Tume ya Huduma za Walimu kwa shahada pekee. Hutakiwa awe alipata wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, na C+ katika masomo mawili anayokusudia kufundisha. Anayeingia chuoni kwa njia ya stashahada, akahitimu shahada ya ualimu kwa heshima zote, huweza kurudishwa nyuma na karatasi ya miaka minane iliyopita.

Kwa wanaolenga uhandisi, kipimo huanzia kwenye Hisabati, Fizikia na Kemia. Katika shule nyingi za mashambani Fizikia ndiyo ya kwanza kuachwa mwanafunzi anapochagua masomo katika kidato cha tatu, ama kwa sababu mwalimu ni mmoja au kwa sababu maabara ni kabati moja. Uamuzi huo wa mtoto wa miaka kumi na sita huifunga njia ya uhandisi kabla hata jina la EBK halijasikika nyumbani. Kundi la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Katika mfumo mpya wa umilisi, uamuzi kama huo hufanywa mapema zaidi, mwanafunzi anapochagua mkondo wa kuufuata katika shule ya upili ya juu.

Taaluma nyingine

Yaliyowapata wahandisi yamewapata wengine pia. Mwaka 2015 Baraza la Elimu ya Sheria liliagiza kufungwa kwa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Moi, mojawapo ya vitivo vikongwe nchini, na kuwaacha wanafunzi wakiwa hawajui kama wataendelea. Katika sheria kuna hatua moja zaidi, yaani Shule ya Sheria ya Kenya, ambayo kila anayetaka kuwa wakili hupitia. Masharti ya kuingia humo yamezaa mashauri mengi, hasa kuhusu sharti la alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili kwa baadhi ya waombaji. Wapenzi wa Kiswahili watafurahi kuona lugha yao imewekwa bega kwa bega na Kiingereza katika mizani hiyo, ingawa ndani ya mahakama kuu mambo ni mengine.

Madaktari na wauguzi wamekuwa na vurugu chache kwa kuwa mabaraza yao yalishika usukani mapema. Chuo hakithubutu kufungua shule ya udaktari bila hospitali ya kufundishia, na mhitimu hasajiliwi kikamilifu mpaka amalize mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini.

Majirani na ng'ambo

Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliyopo sasa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na tangu mwaka 2003 imekuwa ikiendesha mpango maalumu wa kuwalea wahandisi wahitimu kwa miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu. Mpango huo umesifiwa kwa kuwa haumwachi kijana ajitafutie msimamizi. Desemba 2012, bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa kutambuana ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda ilijiunga baadaye. Mkataba huo humfaa aliyekwisha kuwa mhandisi mtaalamu nchini mwake. Asiye na usajili nyumbani hauwezi kumsaidia kuvuka mpaka wa Isebania.

Kimataifa, kipimo kinachotajwa sana ni Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ulioanzishwa na vyombo vya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Ayalandi. Afrika Kusini ilijiunga mwaka 1999. Wanachama hukubali kwamba kozi iliyoidhinishwa na mmoja wao ni sawa na iliyoidhinishwa nyumbani, na hupima sifa za mhitimu: kuchambua tatizo asilolijua, kubuni suluhisho, kufanya kazi na wengine, kuheshimu maadili. Huko Uingereza kwenyewe, shahada ya kwanza iliyoidhinishwa hutosha kwa ngazi ya kati ya usajili, lakini anayelenga ngazi ya juu hutakiwa kuonyesha elimu ya kiwango cha uzamili. Anayetoka kwenye mfumo usio mwanachama hupimwa peke yake, cheti kwa cheti, na mara nyingi huambiwa arudi darasani.

Wanaorudi Kenya na shahada za India, China au Urusi nao huwa na safari ya ofisi mbili. CUE hulinganisha shahada ya kigeni na ya Kenya, na EBK huamua kama inatosha kwa usajili. Kukubaliwa na ofisi ya kwanza si ahadi kwa ya pili.

Maswali ya kabla ya karo

Kwa mzazi aliyeshika barua ya mwito wa chuo, jambo la kwanza ni kusoma jina kamili la shahada, neno kwa neno, na kuona iwapo ni ya uhandisi au ya teknolojia. La pili ni kulitafuta jina hilo katika orodha ya EBK ya kozi zilizoidhinishwa, akiangalia pia kipindi, kwa kuwa idhini iliyokwisha muda mwaka wa tatu wa masomo ya mtoto haitamsaidia mwaka wa tano. La tatu ni kuthibitisha kwamba CUE nayo imeiidhinisha kozi hiyo. Chuo kinachosema ukaguzi unaendelea kiombwe kusema hivyo kwa maandishi. Maneno ya mdomo ya afisa wa usajili wa wanafunzi hayajawahi kumsajili mhandisi.

Kwa mwanafunzi aliyekwisha kuingia na kugundua kasoro, njia si moja. Anaweza kuomba kuhamia kozi inayotambuliwa katika chuo kilekile, jambo ambalo ni rahisi zaidi mwaka wa kwanza, kabla masomo hayajatofautiana. Anaweza kuomba uhamisho wa chuo kupitia shirika la uteuzi wa wanafunzi, KUCCPS, ambalo hufungua mtandao wake kwa maombi hayo kwa kipindi kifupi kila mwaka. Aliyekwisha kuhitimu anaweza kuiomba bodi impime upya iwapo kozi yake imerekebishwa, akiambatisha orodha ya masomo yote aliyoyafanya na saa zake. Wenye stashahada kutoka taasisi kama Politekniki ya Kitaifa ya Kisii, na wenye shahada za teknolojia, hujisajili na ile bodi ya mwaka 2016, ambako wana ngazi zao wenyewe, kuanzia fundi mpaka mwanateknolojia mshauri.